Zana ya Kuachia Nafasi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa nabadilisha mazungumzo, maana kueleza kunanichosha na subira sina. Kwa kifupi, hospitali yetu ya macho ina wakala, yaani programu ya akili mnemba inayopiga na kupokea simu za wagonjwa. Maneno anayo tele, ila mikono hana. Akitaka kumpangia mtu tarehe, kuisogeza au kuifuta, lazima aite zana za API, milango midogo ya kuingilia kwenye mfumo wa hospitali. Mimi ndiye naandika maelezo ya kila zana: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Zaidi ya nilichoandika, wakala hajui lolote kuhusu zana hizo.

Baada yangu anakuja mpimaji, mwenzangu tunayemwita Bwana Ushahidi kwa sababu hakubali kitu mpaka akione mwenyewe. Humpa wakala mazungumzo ya majaribio, akaangalia kama amechagua zana sahihi. Mazungumzo hayo tulikuwa tunayatunga wenyewe ofisini huku tunakunywa chai. "Naomba kufuta miadi yangu." "Nisogezee tarehe, tafadhali." Wakala alifaulu yote, tukapongezana, akaruhusiwa kuongea na wagonjwa wa kweli.

Mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Chai anamimina huku amechovya ncha ya kidole kikombeni ajue imefika wapi. Siku moja alilisalimia koti langu lililoning'inia nyuma ya mlango, akaliuliza na hali ya nyumbani. Tulicheka wote, kisha mimi nikaenda kulia bafuni. Alikuwa amengoja nafasi ya upasuaji mpaka akaipata, na daktari alishaonya kwamba akichelewa zaidi, jicho la kushoto huenda lisirudi.

Wakala alimpigia kumkumbusha tarehe. Jioni mama akaniambia, wala hana wasiwasi, kwamba ameongea na kijana mmoja wa hospitali, ana adabu huyo, na kwamba nafasi yake amepewa mtu mwingine.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Kesho yake nilimvamia Bwana Ushahidi hata mkoba hajaweka chini, nikamwambia mashine yake imechanganyikiwa. Hakubishana nami. Alifungua rekodi ya simu, akaniacha niisikilize. Sauti ya mama ilikuwa ileile ya kupokelea wageni: mwanangu, nisije nikawasumbua, kama kuna wenye shida zaidi watangulie tu, mimi mtu mzima nitangoja. Wakala akamshukuru kwa moyo wake mwema, akaita zana ya kuachia nafasi.

Bwana Ushahidi akafungua maelezo ya zana hiyo, akayasoma taratibu. Itumike pale mgonjwa anapokubali nafasi yake apewe mwingine. Maneno yangu hayo, mpaka nukta.

"Kwa kipimo chetu amefaulu," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Nikanywea. Halafu nikakasirika upya, safari hii na sisi wawili. Tangu lini mtu mzima akaongea na mgeni kwenye simu akasema shida yake moja kwa moja? Ukiwakaribisha kiti mama zetu, wanasema wamekaa kutwa, huku miguu inawawaka. Akikataa mara ya kwanza unamkaribisha tena, na sote tumelelewa tukilijua hilo. Ila tukishakaa mbele ya kompyuta, tunaandika kana kwamba hatukulelewa na mtu.

Tukaiacha ofisi, tukaenda kukaa kwenye benchi za mapokezi na kusikiliza. Mzee mmoja alimwambia karani kuwa hana neno, dawa zimemsaidia sana, ila basi tu, macho yanamwaka moto. Dada mmoja alisema tarehe ni nzuri, Mungu akipenda, na ukimtazama tu unajua hatakuja. Bwana Ushahidi akayageuza hayo kuwa majaribio mapya. Wakala akaanguka vibaya, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu sasa tulijua pa kutibu.

Nikaandika maelezo upya. Kwenye zana ya kuachia nafasi niliweka kwamba mtu akisema wengine watangulie, hajaachia kitu. Aelezwe kuwa nafasi ni yake, aulizwe yeye mwenyewe angependa iweje, na zana isiitwe kabla hajajibu hilo. Wakala alirudi kwenye majaribio, akaanguka tena, nikarekebisha tena, mwishowe akapita.

Mama nilitaka kumchomeka kwenye orodha mwenyewe. Alikataa katakata, hawezi kuwaruka watu kwa mgongo wa binti yake. Basi nafasi moja ilipopatikana akapigiwa simu kama wengine. Daktari naye alikuwa karibu kusafiri, na asingerudi upesi. Akiiachia na hii, lile jicho ndiyo basi.

Nilikuwa jikoni kwake naosha vyombo simu ilipolia. Aliiweka kwenye spika, kwa kuwa haoni kioo cha simu. Wakala akamweleza kuhusu nafasi, na mama akaanza zake: kuna vijana wanahitaji macho ya kufanyia kazi, yeye mtu mzima ana nini tena cha kutazama. Sahani niliyoshika nikaona bora niiweke chini.

"Nimekuelewa, mama," wakala alisema. "Nafasi hii ni yako, sijampa mtu. Wewe mwenyewe ungependa iweje?"

Mama akawa anapapasa ukingo wa meza. Nilitamani kumjibia, nikajizuia. Kisha akageuza uso akanitafuta, akaangalia kidogo pembeni mwangu.

"Nataka kuona," alisema. "Nataka nimwone binti yangu, amekuwaje siku hizi."

Wakala akamthibitishia tarehe, akamtakia siku njema. Mama alipokata simu aliniuliza kama hakuongea kwa ukali, asije yule kijana akamfikiria vibaya. Nikamwambia hapana, ameongea vizuri kabisa. Machozi yalikuwa yananitiririka, na yeye hakuyaona.