Sajini Aliyeota Majani

Jumanne saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa akiunga mkono wa sare ya shule pale shemeji wa mwoka mikate wa jirani alipobisha hodi, akakaribishwa, akaing'oa cherehani mezani na kuondoka nayo begani. Sare ikamfuata kwa uzi hadi mlangoni, kisha uzi ukakatika.

"Samahani, dada," alisema, maana alikuwa mtu wa adabu.

Mtaa mzima ulimwona. Muuza magazeti hata alimsalimia. Mwoka mikate alitoka na unga viganjani, akamtazama shemeji yake mpaka alipokata kona.

"Tuyamalize nyumbani, dada," akamwambia fundi. "Polisi wa nini?"

"Nyumbani kwa nani? Kwenu sasa kuna cherehani mbili, kwangu hakuna."

Mwoka mikate akakumbuka kwamba ana mikate jikoni.

Fundi alikuwa na sare thelathini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa Jumatatu. Akavaa viatu, akaenda kituoni, jambo ambalo hakuna mtu wa mtaa ule aliyelifanya kwa miaka tisa.

Sajini alikuwa kaunta, ameota majani. Yalimtoka mabegani na nyuma ya masikio, mabichi, yenye afya. Buti zilikuwa zimepasuka na mizizi imeshika sakafu.

"Karibu, mama. Samahani, sisimami."

"Kaa tu, afande. Yalianza lini?"

"Mwaka wa tatu wa kukaa bure. Wenzangu walihamishiwa kwenye wahalifu, na gari likaenda nao. Huku kwetu, kwa mujibu wa kitabu, hakujaibwa hata sindano."

Akamwonyesha kitabu. Kurasa zilikuwa nyeupe pe. Fundi alieleza yaliyompata. Sajini akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, majani mawili yakaanguka.

"Mimi nakuamini. Wakubwa ndio kazi. Wizi wa kwanza baada ya miaka tisa? Watasema umeuota. Niletee shahidi mmoja tu, tuandike, na gari nitaliomba hapo hapo."

Muuza magazeti alisema wakati ule alikuwa anasoma. Mwalimu, ambaye baiskeli yake ilichukuliwa na jamaa huyo huyo, alisema hapendi kujulikana kama mtu wa kesi. Fundi akaishia kwa mjane wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa na pazia mahali pa mlango.

"Mama, wewe ulimwona."

"Nilimwona vizuri. Na mlango wangu ulipobebwa mwaka jana, ulipita kibarazani kwako. Ulifanya nini?"

Fundi aliwaza kudanganya, akaona haya. "Nilisogea upite."

"Basi, mwanangu, na mimi nimesogea."

Kisha mjane akaomba sindano na sare kumi, wakakaa kushona kwa mkono mpaka vidole vikavimba.

Alhamisi fundi alirudi kituoni kusema kwamba shahidi hana. Sajini akafunga kitabu. Hakuwa akisikia vizuri, kwa hiyo fundi akatoa mkasi, akampunguzia vitawi vya masikioni, akammwagia kikombe cha maji miguuni.

"Asante, mama. Hapo kushoto, ongeza kidogo."

Jumatatu watoto kumi na wawili walirudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Mwezi uliofuata sajini alitoboa paa. Kivuli chake kilikuwa kizito, cha kupendeza, na watu wa mtaa wakazoea kwenda kupumzika kituoni jua likiwaka: muuza magazeti, mwalimu, mwoka mikate, na shemeji yake, ambaye alibisha hodi kwanza. Sajini alimkaribisha vizuri. Kitabuni hakuwa na kosa lolote.

Jamaa aliegemea shina, akapunga upepo, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama ile kaunta bado inatumika.

Sajini alifikiri, akasema si sana.