Siku ya Kufunga Pasteles

Kwa mama mkwe wangu Provi, Krismasi haikuanzia kanisani. Ilianzia jikoni kwake, juu ya mji wa Orocovis, kwenye milima ya kisiwa chetu, kwenye meza ndefu ya mbao ambapo tulikaa kukuna ndizi mbichi na magimbi ya pasteles, vifurushi vya rojo na nyama vinavyofungwa kwa majani ya mgomba na kuchemshwa, mpaka vidole vikachubuka. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na hakuna aliyethubutu kuibadili. Mama Provi alikoroga rojo kwa mafuta mekundu ya mbegu za achiote, akilionja kwa ncha ya kidole. Mume wangu Efraín alipika nyama ya nguruwe. Mimi niliyeolewa humo nikitokea pwani niliruhusiwa kufunga uzi tu, na hata hilo baada ya miaka ya kutazama. Baba mkwe, Mzee Abelardo, yeye ndiye aliyekata majani ya mgomba kwenye shamba lake la mteremkoni, akayapitisha juu ya moto yalainike, kisha akayapanguza moja moja taratibu, kama anamfuta mtoto uso.

Mwaka ule mvua ilinyesha Desemba nzima. Mkesha wa Krismasi jua lilichungulia asubuhi, tukasema afadhali, angalau leo tutakula kwa amani. Mimi na Efraín tulikuwa tumepanda kutoka mjini kuwasaidia wazee. Wali wa mbaazi ulikuwa tayari umefunikwa, na chupa za ramu ya nazi zilikuwa zinapoa.

Mchana majani yakaisha, rojo likiwa bado nusu beseni. Mama Provi akamtazama mumewe.

"Abelardo, haya majani ulikata ya kumfungia nani? Sungura?"

"Wewe ndiye umekuna ndizi kama unalisha jeshi."

"Si ndilo hilo jeshi linakuja jioni na magitaa yao? Utawalisha nini, mashavu yako?"

"Mashavu yangu uliyapenda mwenyewe."

"Nilikuwa mdogo, sikuwa na akili. Nenda bwana, kakate majani kabla mvua haijarudi."

Mzee alicheka. Akachukua panga, akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma huku akiimba.

Sikumbuki nilizifunga uzi pasteles ngapi baada ya hapo, kati ya zile zilizokwisha kuviringishwa. Nakumbuka ngurumo, na mimi nikidhani ni lori linapanda na mzigo mzito. Vikombe vikagongana kabatini. Efraín akazima redio. Ngurumo ikanyamaza, na huko nje hata kuku hawakusikika.

Tulipotoka nyuma ya nyumba, shamba halikuwepo. Migomba, mibuni, banda la kuku, vyote vilikuwa vimeondoka, na mlima umebaki na kidonda chekundu kutoka juu hadi kule bondeni. Udongo ulikuwa bado unateleza polepole, unabeba mawe na mizizi.

Mama Provi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alipita upande gani?" Hakuna aliyejua. Ndipo akajitosa. Matope yakamfika magotini, Efraín akamdaka kiunoni.

"Mama, udongo bado unatembea!"

"Niache! Mimi ndiye niliyemtuma! Niache!"

Nikapiga simu kwa waokoaji. Mtu wa huko alisema barabara imefunikwa karibu na daraja, lazima waifungue kwanza, pengine watafika asubuhi. Akasema tusiingie kwenye udongo ule, ni hatari. Efraín alininyang'anya simu. "Baba yangu yuko chini, halafu unaniambia nisiingie?" Akaitupa kwenye nyasi.

Tulikuwa na koleo moja na jembe moja. Mimi nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikachimba nao. Mvua ikarudi. Kila tulipotoa udongo, mwingine uliteremka kujaza. Mama Provi alichimba kwa mikono, akiita na kutukana kwa pamoja: "Abelardo! We mzee mjinga, nijibu! Umenifanya mjane siku ya Krismasi, huna haya? Abelardo!" Sauti ilimkauka, akaendelea kuita kwa sauti iliyokauka.

Wakati huo kundi la waimbaji likafika. Ndiyo desturi yetu, watu hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, na unayetembelewa huwafungulia mlango na chakula. Safari hii walikuja kwa miguu, maana magari yalikwama. Walisimama mbele ya nyumba, wakaanza kwa kishindo, gitaa na ngoma na vicheko. Mlango haukufunguliwa. Gumersindo, jirani yetu aliyekuwa akiongoza, akazunguka nyuma akiwa bado anaimba, akatuona. Wimbo ukafa sauti moja baada ya nyingine.

Waliweka ala zao mezani katikati ya pasteles na rojo, wakashuka. Wanaume wakachimba, wanawake wakajipanga kupokezana ndoo. Mtu akaipata kofia. Mama Provi akaikumbatia, akasema, "Kichwa chake hakiwezi kuwa mbali na kofia yake," na sote tukahamia pale, tukachimba kama wendawazimu. Chini yake palikuwa na shina la mgomba tu.

Hapo nguvu zikatuishia. Efraín alikaa kwenye matope, mikono imelegea. Kulikuwa kunaanza kuwa giza. Gumersindo akanivuta pembeni.

"Dada Zulma, mwondoe mama. Tukimpata saa hizi, hatakuwa wa kutazamwa."

Nilimwendea. Kabla sijasema neno akaniambia, "Ukinigusa, nitakuuma." Macho yake hayakuwa ya mtu anayetania.

Kisha akasimama wima. "Nyamazeni wote. Acheni kuchimba. Nyamazeni!"

Tukanyamaza. Mvua peke yake ndiyo ilisikika. Akaita jina la mumewe, sauti yenyewe imebaki kama mkwaruzo. Kimya. Akaita tena. Nilikuwa nimeshaanza kulia niliposikia bati likigongwa, kidogo sana, chini zaidi ya pale tulipokuwa tukichimba.

Lilikuwa paa la banda la kuku. Lilikuwa limemfunika mzee kama sinia, likamwachia nafasi ndogo ya kupumua. Tulimkuta mdomo umejaa matope, maji yamemfika kidevuni, na gogo limeulalia mguu wake wa kulia. Gumersindo alizamisha uso wake kwenye maji ili apate kulishika gogo kutoka chini. Mzee alipiga yowe walipolisogeza, na sisi tukashukuru kusikia yowe lile.

Hatukuwa na machela. Mama Provi alikimbia jikoni, akafagia meza kwa mkono wake wote. Rojo, nyama, pasteles tulizokwisha kufunga, magitaa ya watu, vyote vikaenda sakafuni. "Hii meza. Mbebeni kwa hii." Wanaume wanane walimshusha mlimani wakiteleza na kuanguka, wakapita juu ya udongo uliofunika barabara, mpaka kwenye gari la wagonjwa lililokuwa ng'ambo ya daraja likisubiri barabara ifunguliwe.

Hospitalini daktari alisema mguu umesagika na damu imeshaharibika, wakiuacha, atakufa. Aliongea kwa upole, akizungukazunguka. Mama Provi, tope limemkaukia hadi kwenye nyusi, akamkatiza.

"Kateni. Mimi sikuolewa na mguu."

Daktari alipoondoka, Mama Provi alianza kubandua tope lililomkaukia mikononi. Tukala biskuti za mashine ya ukumbini. Ndiyo ilikuwa Krismasi yetu.

Mzee aliishi. Kwa siku nyingi hakutambua mtu. Alipopata fahamu, Mama Provi alimwomba msamaha kwa kumtuma shambani. Yeye akasema hakumbuki kutumwa, anakumbuka alikwenda mwenyewe. Sikujua wala sijui mpaka leo kama alikuwa akisema kweli. Mkewe aliinamisha kichwa kitandani, akalia kilio ambacho hakukilia mlimani, mpaka wagonjwa wengine wakageuka ukutani kumpa faragha.

Wakaguzi wa serikali walikataza watu kuishi katika ile nyumba, kwa hiyo wazee walihamia kwetu mjini. Mvua kubwa ikinyesha, Mzee Abelardo hawezi kukaa kitandani. Huchukua magongo yake, akaenda kuketi kando ya mlango uliofunguliwa. Mama Provi humfuata na blanketi, akavuta kiti karibu naye, na hukaa pale pamoja mpaka mvua inyamaze.