Samaki wa Violeth Hataki Kula

Siku ya nne samaki alikuwa hajatia kitu kinywani, na Violeth hakukaa chini tangu afungue duka lake la dawa za mifugo. Alipanga chupa za dawa ya kupe, akazipangua. Akafagia palipokwisha kufagiwa. Kila alipopita kando ya tangi la kioo alijiapiza kutotazama, na kila mara alitazama. Unga wa dagaa aliomtwangia asubuhi ulikuwa unaelea juu kama vumbi.

Muuzaji wa Dar es Salaam alimpakia samaki huyo kwenye basi, ndani ya mfuko wa maji uliojazwa hewa, pamoja na gunia dogo la chumvi ya kuchanganyia maji. Jina la samaki hakulitaja. "Ni wa mapambo," alisema, na tangu hapo simu yake haipatikani. Sasa utamlishaje mnyama usiyemjua hata ni nani?

Na leo ni Jumamosi. Leo Maftaha, mama mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, anakuja kutazama. Maneno yake yalikuwa mafupi: "Nikimwona anakula, tangi kubwa la mapokezi utalijenga wewe na kulitunza wewe." Violeth alikuwa amechoka kuuza dawa za minyoo. Kazi ile aliitaka mpaka usingizi ukamruka.

"Mwangaluka, dada!" Bujiku, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Dutwa, aliingia na kifurushi kwapani. "Nipe ya kupe. Eh! Huyo ndiye anayegoma kula?"

"Ndiye. Usigonge kioo."

Bujiku hakugonga, ila alibandika uso mzima kwenye kioo, macho yakamtoka kama yuko mnadani. "Umemtazama mdomo?"

"Mdomo una nini?"

"Mdogo, halafu midomo minene. Huyu wa kula nyama? Huyu mbuzi, dada. Huyu anachunga! Wewe na diploma yako ya mifugo unampa mbuzi dagaa?"

Violeth alitaka kumjibu vibaya, akainama kuutazama mdomo ule. Watu wote hapa walimjua sangara, na sangara hula samaki wenzake. Hakuna aliyewaza kwamba yupo samaki wa majani.

"Majani ya baharini nitayatoa wapi hapa Bariadi?"

Bujiku alifungua kifurushi. Kilikuwa cha nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, mzigo wa kumpelekea dada yake aliyeolewa Maswa. Akachota konzi moja. "Shemeji yangu hatakufa kwa konzi moja."

Waliyamwagia maji ya moto mpaka yakalainika, wakayapoza, wakayafunga kwa uzi kwenye jiwe, wakalizamisha. Samaki alijikunja pembeni. Mara ngozi yake ya kahawia iliyopauka ikatoka mabaka meusi, mwili mzima.

"Mapele!" Violeth alipiga kelele. "Ana ugonjwa wa ngozi, ndiyo maana hali!" Alishachukua beseni, akamimina dawa, akakunja mkono wa gauni na kutumbukiza kiganja tangini kumkamata.

"Toa mkono! Violeth, toa mkono!"

Maftaha alikuwa mlangoni. Alivuka duka kwa hatua tatu, akamshika kifundo na kuuvuta mkono nje, maji yakawalowesha wote wawili.

"Unamshika tasi kwa mkono mtupu? Miba yake ya mgongoni ina sumu, ungelia mpaka jioni."

"Tasi?"

"Kwetu Pangani nani asiyemjua tasi? Tunamkaanga huyu!" Aliinama, akacheka. "Wala haumwi. Ameogopa. Ukimtoa majini anageuka hivihivi ndani ya ndoo. Anakula mwani." Akajinyoosha. "Haya, mlishe nimwone."

Samaki hakusogea. Mabaka yalizidi. Violeth alimtazama Maftaha, akamtazama Bujiku, akayahesabu macho yao pamoja na yake: sita, yamemzingira kiumbe mmoja.

"Tokeni."

"Nani atoke?"

"Wote. Na mimi. Mama Maftaha, samahani, lakini toka."

"Mimi nifukuzwe, nimekuja kukupa kazi?"

"Ndiyo, mama."

Walisimama barazani, mlango umerudishwa. Violeth alihamisha uzito wa mwili mguu huu, mguu ule. Bujiku alitafuna kijiti. Mabasi mawili yalipita. Hatimaye Violeth akachungulia upenyoni. Samaki alikuwa kwenye jiwe, hana baka hata moja, anadonoa nsansa haraka haraka, jani linarukaruka.

"Anakula," alinong'ona.

"Nipishe nione."

"Ukisogea ataacha."

Maftaha alishika kiuno. "Sasa mapokezini kwangu watu wanapita kutwa, na watoto wao na mabegi yao. Niwatoe wote barazani ili samaki ale?"

Lilikuwa swali la haki. Violeth alihisi kazi inamponyoka. Angeweza kusema atazoea. Hakujua kama ni kweli.

"Mapokezini hapafai," alisema. "Atakufa. Tangi likae kile chumba chako cha nyuma, unapopumzikia."

"Kwa hiyo wageni wasimwone?"

"Utamwona wewe."

Maftaha aliutazama mlango uliorudishwa. Huko ndani kulikuwa na samaki wa kwao Pangani.

"Hicho chumba ni kidogo," akasema mwishowe. "Chukua futi ya kupimia, twende."

Violeth akakumbuka futi iko ndani ya duka. "Subiri kidogo, mama," alisema. "Bado anakula."