Bakuli Lililorudi Safi

Ujumbe wa sikukuu uliingia kwenye kundi la simu la familia mapema wiki ile. Aliyeuandika alikuwa wifi, binti wa mama mwenye nyumba, fundi cherehani. Kila nyumba ilete kitu kitamu cha kula baada ya chakula, kiwe cha haraka na kisichohitaji moto, maana jiko la mama ni moja na siku hiyo litakuwa na kazi ya nyama na viazi.

Mdogo wake, kinyozi, akajibu kwamba yeye atanunua aiskrimu, na mtu asimuulize ameipikaje. Wifi akasema atagandisha jeli ya matunda.

"Mimi biskuti za maziwa, kama kawaida," akaandika mke wa kaka yao mkubwa. Kaka mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, na sikukuu zilizoea kumkuta barabarani.

"Wewe usijisumbue," wifi alimjibu. "Utakuwa umechoka na zamu. Leta soda tu."

Kila mwaka aliambiwa hivyo hivyo. Na kila mwaka aliona ni huruma, basi akazidi kujisumbua.

Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali. Aliosha, akavalisha, akachana nywele. Alitumia maji ya vuguvugu, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamikia ya baridi. Kwa kazi hiyo wifi alimbandika jina la Mama Glavu, likashika mpaka kwa watoto wa nyumba nzima, naye mwenyewe akalicheka akalizoea.

Jioni ya kuamkia sikukuu alisafisha meza ya jikoni kwake, akakata kucha, akanawa mpaka viwikoni. Akanusa vidole. Akanawa tena. Kitamu chake hakikuwa na siri. Alimimina maziwa mazito ya kopo kwenye krimu, akakamulia ndimu, akapiga kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi na mchanganyiko ukasimama. Biskuti alizichovya kwenye maziwa na kuzitoa upesi, zisije zikalewa. Akapanga tabaka la biskuti, akamwagia krimu, akatandika ndizi za mviringo, kisha biskuti tena, mpaka bakuli la kioo likajaa. Juu akanyunyiza biskuti alizozisaga kwa chupa. Muda wote huo hata maji ya chai hayangewahi kuchemka mara mbili. Alilifunika, akaliingiza kwenye friji, akalala akiwa na raha.

Raha yenyewe ilikuwa na sababu. Miaka yote zamu ya jioni ilimwangukia yeye siku ya sikukuu, akawa anaondoka kwa mama mkwe watu wakiwa bado wanatafuna nyama. Hakuwahi kuona kitamu chake kikiliwa. Alichokiona ni bakuli tu, likirudi siku ya pili limeoshwa linang'aa, na maneno ya mama mkwe: "Watoto wamegombea kijiko cha mwisho." Mwaka huu mwenzake wa kazi, mzee aliyeitwa Baridi, alimpokonya zamu.

"Nenda ukale na watu, dada," Baridi alimwambia. "Hawa wangu hawana haraka, na hakuna anayeniomba soda."

Basi alikwenda. Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akachukua bakuli kama kawaida, akasema atalihifadhi kwenye friji lisije likayeyuka. Watu wakala. Kinyozi akatania kwamba nyama imekuwa ngumu kuliko vichwa anavyonyoa. Ilipofika wakati wa kuaga, Mama Glavu hakuaga.

"Wifi, huendi kazini?" wifi aliuliza, na mkono wake ukasimama juu ya sahani.

"Leo nimeshikiwa zamu. Nipo mpaka mnifukuze."

Kinyozi akamtazama dada yake. Mama mkwe akainuka akasema anakwenda kutazama jikoni.

Vitamu vikaletwa. Jeli ikatetemeka mezani, watoto wakaishangilia. Aiskrimu ikagawiwa kabla haijawa mchuzi. Mama Glavu akangoja, jicho likiwa mlangoni. Alipoona watoto wanalamba vijiko, akafikiri mama amesahau, uzee huo. Akainuka kwenda kulileta bakuli mwenyewe.

Alimkuta mama mkwe kwenye mlango wa nyuma, ameinama juu ya ndoo ya taka. Bakuli la kioo alikuwa ameliegemeza kwenye paja, na anakwangua kwa kijiko kikubwa. Tabaka la biskuti lilianguka zimazima juu ya maganda ya viazi, ndizi zikafuata.

Mama mkwe hakushtuka wala hakuficha. Alisimamisha kijiko tu.

"Limeharibika, mama?" Mama Glavu aliuliza. Ndilo neno pekee lililomjia.

"Halijaharibika, mwanangu."

"Basi?"

Mama mkwe akakaa kwenye kizingiti, bakuli mapajani. "Hawali," alisema. "Hawajawahi kula. Niliona nikikuambia utaumia, na nikikurudishia limejaa utaumia. Nikawa naliosha."

"Na wale watoto waliogombea kijiko?"

"Nilikuwa nasema tu. Ulikuwa unafurahi sana."

Mama Glavu alijikaza kisabuni. "Nanawa, mama. Nanawa mpaka ngozi inachubuka."

"Najua. Hata mimi nimejaribu. Mwaka jana nilisimama hapa hapa peke yangu, nikatia kijiko mdomoni. Kikanishinda. Si uchafu, mwanangu. Ni kama naalikwa mapema kule kazini kwako."

Wifi akaingia kutafuta vijiko. "Mama, si nilikuambia ufunge mlango," alisema, kisha akamwona nani amesimama pale.

"Mikono hii uliishika, wifi," Mama Glavu alimwambia polepole. "Siku ile uliishika, ukaibusu."

Ilikuwa kweli. Miaka mingi nyuma, kabla ya bakuli la kwanza, wifi alijifungua mtoto ambaye hakulia. Mama Glavu ndiye aliyemwogesha, kwa maji ya vuguvugu, akamvalisha sweta ya njano aliyoifuma mama yake, akafunga vifungo vyote mpaka kile cha shingoni. Wifi alishika mikono ile pale mlangoni pa chumba cha maiti, akaibusu mbele za watu.

"Ndiyo maana," wifi alisema. "Nikiona kitu umekitengeneza, ulivyokipanga vizuri hivyo, naona vile vifungo. Ningekuambiaje? Nikakuita Mama Glavu ili tucheke."

Hakuna aliyecheka. Huko sebuleni kinyozi alikuwa anawafukuza watoto kwenye aiskrimu.

Wifi akachukua kijiko kutoka kwa mama yake. Akachota nusu ya kijiko, mahali palipobaki krimu na ndizi, akatia mdomoni. Akafumba macho. Wote wawili wakamtazama shingo, wakingoja imeze. Haikumeza. Machozi yakamtoka, akatafuna, akajaribu tena, mwisho akainama akatema kwenye kiganja chake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine.

"Nisamehe," alisema.

Mama Glavu akachukua kitambaa, akamfuta kiganja, kisha midomo, pembe moja na pembe ya pili. Alifuta kwa upole ule ule aliozoea kufutia midomo isiyoweza kusema asante.

"Asante, wifi," wifi alisema.

Mama mkwe akainuka kwenda kuliosha bakuli.

"Liache, mama. Leo nitalibeba hivyo hivyo."

Mama mkwe akamsindikiza mpaka barabarani. Huko alimshika mkono, akaukalisha katikati ya viganja vyake viwili, asiuachie.

"Siku yangu ikifika," alisema, "usiniachie mtu mwingine. Unioshe wewe. Na maji usisahau kuyapasha."

"Nitayapasha, mama."

Mama Glavu hakwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu. Alikwenda kazini. Baridi alikuwa kwenye chumba kidogo cha mlangoni, redio inaongea peke yake, anakula mkate mkavu.

"Wamekufukuza?" aliuliza.

"Nimekuletea kitamu."

Baridi alitazama bakuli lililokwanguliwa nusu, akatazama macho ya mwenzake. Alifuta kijiko cha chai kwenye shati, akachota. Akachota tena. Alikula kwa mpangilio, kutoka ukingoni kwenda katikati, mpaka kikabaki kijiko kimoja.

"Tamu," alisema. "Miaka yote hii, mbona hukuwahi kutuletea?"

Wazo hilo halikuwahi kumpitia Mama Glavu kichwani. "Nilikuwa nawapelekea watu wangu," alisema.

Baridi akamsogezea kijiko kilichobaki. "Kula na wewe. Halafu kuna mama mmoja ameletwa sasa hivi, sijampashia maji."

Mama Glavu akala, akanawa mikono, akaweka sufuria motoni.