Mlango wa Maji Peke Yake

Jumanne moja ya Agosti 1996, saa nne asubuhi, Edah wa Shinyalu alikuwa akichuja musherekha, yale maji makali ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo bila hayo mrenda wa kwake haushuki kooni. Mezani akaona bakuli la majani mabichi yaliyopondwa, yanavutika, yameachwa tu. Mrenda wa nani huu unaachwa bila musherekha? Akamimina kikombe kizima, akakoroga, akarudi kwa wageni. Walikuwa sita, na kwa Edah wageni sita ni nyumba tupu.

Haukuwa mrenda. Yalikuwa majani ya mti wa mukomari kutoka msitu wa Isecheno, na ndiyo yaliyokuwa utafiti wa uzamivu wa Navalayo, binti wa kaka yake, aliyekuwa akiyaponda kwa Edah likizo hiyo. Miaka minne, katika chuo kimoja Nairobi, msichana huyo alikuwa akiwinda protini inayokaa ndani ya utando wa seli za majani: kilango kidogo kinachopitisha maji na kukataa vingine vyote, hata chumvi. Ili umbo lake lionekane, lazima kitolewe kwenye utando kikiwa kizima, kisha kigande kuwa fuwele. Sabuni zote za maabara, zilizoletwa kwa ndege, zilikitoa kimesambaratika. Msimamizi wake, Profesa Osundwa, alikuwa amempa mpaka Septemba. Baada ya hapo arudi kwao akauze mboga.

Musherekha ulikitoa kizima. Saa sita fuwele ilikuwa kama punje ya mchele. Jumatano ililingana na kinu. Alhamisi ilisimama kati ya jiko na migomba, ndefu kuliko mtu, na katikati yake tundu la kupita mtu akiinama. Navalayo akaipima kwa futi ya fundi cherehani, akaandika. Majirani wakaja, wakapewa chai, wakaanza kuijaribu. Uji ulioingia upande wa jiko ulitokea kwenye migomba ukiwa maji. Unga ulibaki nyuma. Jogoo wa jirani mmoja, Shikanga, aliingia akabaki upande wa jiko amekauka kama dagaa, anadonoa bado. Maji yake yalijikusanya upande wa pili, na alfajiri yakawika. Shikanga alitaka tu kuonyeshwa yupi kati ya hao wawili ni wake.

Ijumaa Edah alichungulia daftari la Navalayo, ukurasa kwa ukurasa.

"Na mimi umeniandika wapi?"

"Senge," Navalayo akamjibu shangazi yake, "huko hawaandikangi wapishi."

Edah akasema sawa. Mchana huo alipakulia nyumba nzima, akamruka Navalayo.

Habari zilikuwa zimemfikia Profesa Osundwa, naye alifika Jumamosi kwa Peugeot ya chuo, na karatasi za ugunduzi huo zimeshapigwa chapa. Jina lake lilikuwa juu, peke yake. La Navalayo lilikuwa mwishoni kwenye shukrani, chini ya la dereva. Navalayo akamwambia mbele ya wageni wote kwamba yeye Profesa hajawahi kushika hata jani moja la kazi hiyo.

"Uliyofanya wewe si sayansi, ni mboga," Profesa akasema. "Mimi ndiye nitaifanya iwe sayansi."

Kisha akataka kuona ndani ya fuwele. Edah, ambaye hata adui humpa kiti, alimweleza habari ya jogoo. Navalayo, aliyeujua mlango ule kuliko wote, hakufungua mdomo. Profesa akasema yeye hafundishwi na jiko, akainama, akaingia.

Upande wa jiko alibaki Profesa mkavu, mwepesi kama ganda la mahindi, suti ikimpwaya, sauti ileile. Kwenye migomba maji yake yakatiririka, na Edah akawahi kuyakinga kwa beseni. Profesa mkavu akaomba kalamu, akatia sahihi. Maji yakasema, bila haraka, kwamba kazi hiyo si yake, na kwamba za wanafunzi wawili waliotangulia pia hazikuwa zake. Dereva akamkunja Profesa mara mbili, akamlaza kiti cha nyuma, na fuwele ikafungwa juu ya gari kwa kamba za mkonge.

Jumatatu Navalayo akaenda Nairobi na maji hayo kwenye jerikani. Kamati ya chuo iliyasikiliza kwa heshima saa nzima, mwenyekiti akiandika. Mwishowe wakayasogezea fomu yatie sahihi. Fomu ikalowa. Mwenyekiti akaeleza kwamba chuo huendeshwa kwa sahihi, na ya Profesa ilikuwepo. Profesa mwenyewe alikuwa kitini, amewekewa kitabu kizito mapajani asipeperushwe na feni. Navalayo akafukuzwa kwa kudai kazi ya mkubwa wake.

Kabla hajafika Shinyalu habari zilikuwa zimeshafika. Shikanga akamuuliza kama Nairobi siku hizi hawali mboga. Edah alilichukua jerikani akaliweka sebuleni katikati ya wageni, maana maji yale yalikuwa na maongezi.

Navalayo akakaa mezani kuandika barua ya kuomba nafasi chuo kingine. Alikuwa amefika pale anapoeleza jinsi alivyogundua kwamba maji ya majivu huitoa protini ikiwa nzima, ndipo maji ya jerikani yakasema:

"Majani ni ya Navalayo. Musherekha ni wa Edah, na mkono uliomimina ni wake."

Edah akageuka.

"Umesikia?"

Navalayo akasema amesikia. Akainuka, akatafuta kifuniko cha jerikani, akakikaza mpaka kiganja kikamuuma. Kisha akarudi mezani, akamalizia sentensi, na chini ya barua akaandika jina lake peke yake.