Eda Niliyonyimwa

Hamdani alizikwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi kaka yake, Khalfani, aliingia uani kwetu Rusimbi bila hodi, akanikuta nimejifunika shuka jeupe, nimekaa eda. Mtu huyo sijawahi kumpenda, wala sitaanza leo.

"Vua hilo," akasema. "Eda hukaa mke. Wewe ni mkimbizi uliyeokotwa gatini. Beba vitu vyako, kambi ipo."

Niliishi na Hamdani miaka minne, tangu nivuke ziwa kukimbia vita Kalemie. Nilimpikia, nilimuuguza, nikamsihi anioe mpaka nikachoka. Kila mara alinijibu, "Subiri, Anifa." Nikasubiri, mjinga mimi. Sasa ndoa sina, na nyumba ikinitoka sina pa kulala. Basi nikang'ang'ania uongo: mke ni mimi, sitoki humu miezi minne na siku kumi.

Khalfani akamwita Shehe Abeid. Majirani wakajaa uani. Mbele yao wote akaapa kwa Mungu kwamba ndugu yake hakunioa.

"Hawara tu huyu. Si mke, si mrithi."

"Una hakika?" shehe akamuuliza.

"Hata mara ya pili naapa."

Akaapa tena, mshenzi yule. Nilishindwa kuinua uso.

Shehe akatoa karatasi mfukoni mwa kanzu. Hamdani aliiandika mwaka jana mbele ya mashahidi wawili: akifa, nyumba ya Rusimbi apewe Anifa.

"Kisheria mrithi haandikiwi wasia," shehe akasema taratibu. "Angekuwa mke, angepata robo yake, na wewe nyumba ungeiuza. Lakini umeapa mara mbili kwamba si mrithi. Na nyumba haifiki theluthi ya mali, ambayo mtu huruhusiwa kumuusia asiye mrithi. Kuna mitumbwi, kuna michikichi ya Ilagala."

Khalfani akanitazama, akamtazama shehe. "Lakini huyu ni shemeji yangu," akasema.

Nikapewa karatasi nisaini. Hamdani aliandika kwa mkono wake: "Anifa, ambaye si mke wangu." Nilimchukia marehemu pale pale. Angekosa nini kuniambia kwamba hii ndiyo sababu ya ile "subiri" yake?

Nikalivua shuka jeupe, nikalikunja, nikasaini.

"Khalfani," nikasema, "toka nyumbani kwangu. Na siku nyingine piga hodi."