Mita Moja Upande Wangu

"Vunja yako, basi!" Libérate alinipigia kelele. "Si unapenda kuvunja? Vunja yako!"

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mwiko wa kusongea fufu mkononi, kitenge kimekazwa kiunoni. Nyuma yake sufuria mbili za maharagwe zilikuwa motoni. Mbele yake, katikati ya avenue, chaudière mpya ya kuchemshia maji ya maternité, hospitali ya wazazi, ilikuwa imelala juu ya magogo. Wanaume kumi na wawili walioisukuma tangu saa kumi na mbili asubuhi walikuwa wameketi chini wakifuta jasho na kutusikiliza.

"Mama Libérate, barua ulipata jana," nilisema. "Jiko lako liko barabarani. Chef wa avenue alikusomea."

"Alinisomea. Na minye nilimujibu: sitoki."

"Si wewe utakayetoka. Ni jiko."

"Eh! Musikie huyu mutu! Jiko bila minye, minye bila jiko, tofauti iko wapi?"

Wanaume wakacheka. Sikucheka. Nilikuwa na kazi ya kumaliza, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa kazi hiyo. Nina graduat ya ujenzi, na hapa Kasenga kila bomba linapopasuka huwa wananiita mimi.

Chaudière ya zamani, lile pipa la chuma lililochemsha maji ya maternité tangu kabla sijaolewa, ilipasuka chini kabisa siku nane kabla ya hapo. Sylvestre, fundi wetu wa kuchomelea, alikuwa ameiziba mara nyingi hata viraka vikawa vingi kuliko chuma chenyewe. Safari hii alipiga magoti, akachungulia, akasema: "Madame, huyu amekufa." Tuliikata vipande kwa moto, umeme ulipokatika tukawasha jenereta, na vijana wakavitoa vile vipande kichwani kimoja kimoja. Lakini chaudière mpya haiji kwa vipande. Ilikuja nzima, imechomelewa juu ya fremu yake, upana mita mbili na sentimita ishirini. Lori liliishia kwenye barabara kubwa. Njia ya pili ya kwenda maternité ilikuwa daraja la miti la ravine, lile korongo la maji, na lile daraja maji yalikwisha kulibeba. Ikabaki avenue yetu. Na kati ya ukuta wa nyumba yangu na jiko la Libérate, avenue yetu ilikuwa na mita mbili tu.

"Sylvestre," nilisema, "fremu haiwezi kukatwa?"

"Si fremu tu, Madame. Angalia hii midomo ya mabomba pembeni. Nikiikata leo, kesho itavuja, na mutasema ni Sylvestre."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Sista Bernardine wa maternité, mara ya tatu asubuhi hiyo. Alisema mashuka yote ya usiku bado yako kwenye beseni, kuni zimeisha, na wamama wawili wameingia kujifungua wakiwa na vitenge vyao tu. Nikamwambia tuko karibu. Kwa kweli tulikuwa karibu. Kutoka pale uliona bati za paa la maternité.

Achille, chef wa avenue, yaani mwenyekiti wa mtaa wetu, mtu mpole anayetembea na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, akajaribu kwa upole.

"Mama Libérate, usikasirike. Madame iko na diplome. Njo alipima. Si tulikuwa pale batu bote? Hata weye ulishika mita."

"Nilishika, ndiyo. Sikukatala."

"Basi unajua jiko yako iko mu barabara."

Libérate akashusha mwiko. Ghafla alizungumza na mimi peke yangu, na sauti yake ikapoa. Ningependelea aendelee kupiga kelele.

"Mama Bella. Ile siku ya kupima, weye njo uliniokoa. Batu walisema jiko ivunjwe, weye ukasema, 'Muache huyu mama, ni mujane.' Sikusahau. Kila Bonane, mwaka mupya ikianza, nakuletea samaki ya ndagala, hapana? Mwaka jana nilikuletea kilo mbili, na minye mwenyewe sikukula. Basi niachie tena. Unajua ni hii jiko inanilisha. Walimu wa shule wanakula hapa, ba moto, wale wa pikipiki, wanakula hapa. Minye sina kitu ingine."

Nilitazama chini. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa kifupi, kwa sababu hakuna namna nzuri ya kulieleza.

Miaka minne kabla ya hapo, mto Mulongwe ulipotoka njia yake na kuleta mchanga na mawe mpaka kwenye madirisha yetu, mawe ya mpaka ya viwanja vyote vya avenue yalizikwa. Hakuna aliyejua tena kwake kunaishia wapi. Watu wakaja kwangu kwa sababu nimesoma. Nikaenda na karatasi ya mpango wa zamani na mita yangu ndefu. Tulianzia pembe ya ukuta wa shule, ambao haukuanguka. Libérate alinishikia ncha ya mita pale ukutani kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Mimi nikaenda na upande mwingine. Mpango ulisema kiwanja changu kina mita kumi na nane. Nilivuta mpaka kumi na tisa, nikasema kwa sauti, "Kumi na nane!" Achille akaandika kumi na nane. Nikapigilia kigingi.

Kutoka kwenye kigingi hicho nikahesabu mita tatu za avenue, na mita tatu zikaishia ndani ya jiko la Libérate. Majirani wakaanza kunung'unika kwamba mjane huyu amekula barabara. Hapo ndipo nikasema tumwache. Niliposema hivyo nilijiona mwema. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya mita yenyewe.

Mita hiyo nilijengea choo. Nilitaka watoto wawe na choo chenye maji, na nafasi haikutosha. Sina sababu nyingine.

Na juma lile, nilipoandika mpango wa kazi ya chaudière, niliketi mbele ya kompyuta na kuandika: "Jiko lililojengwa barabarani litavunjwa, bila fidia." Mtu akisema uongo miaka minne, unakuwa karatasi tu.

"Madame?" Achille aliniita. "Tufanye je? Sista anangoja."

"Endeleeni," nilisema.

Nilisema hivyo. Sitaki kujisafisha. Nilikwisha kujua kila kitu ninachokijua sasa, na bado nilisema, "Endeleeni."

Wanaume wakainuka. Sylvestre akachukua nyundo kubwa. Nilifikiri Libérate angejitupa mbele ya ukuta, na nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno ya kumwambia. Hakujitupa. Aliingia ndani, akatoka na mafiga, akaingia tena, akatoka na beseni la sahani. Sahani za walimu, kila moja imeandikwa jina kwa rangi ya kucha. Akazipanga chini ya ukuta wangu, upande wenye kivuli. Halafu akamgeukia Sylvestre.

"Papa, ngoja maharagwe iive kwanza. Inabakia kidogo. Walimu watakuja saa sita na hawana kosa."

Sylvestre akanitazama mimi, nyundo begani. Kila mtu alinitazama mimi. Walikuwa wakingoja niseme kama tuna muda wa kungoja maharagwe.

"Weka chini hiyo nyundo," nilisema.

"Tungoje?"

"Hapana. Achille, fungua daftari. Jiko la Libérate liko ndani ya kiwanja chake. Lilikuwa ndani siku zote. Ukuta wangu ndio uko barabarani, mita moja nzima. Siku ile nilivuta kumi na tisa nikakwambia kumi na nane."

Achille hakufungua daftari. "Madame, umechoka. Jua ni kali."

"Sijachoka. Niliiba mita moja. Andika."

Mmoja wa wasukumaji akapiga mluzi. Mwingine akasema chinichini, "Na diplome yake!" Wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu Libérate alikuwa anakuja. Alisimama karibu nami hata nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zake.

"Nilishika mita minye mwenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo."

"Na ndagala zangu?"

"Nilizila."

"Ulizikula," akasema, polepole, kama anayehesabu sahani. Hakunitukana. Libérate anajua matusi ya lugha tatu, na hakuchagua hata moja. Aligeuka, akarudi jikoni kwake, akakoroga sufuria.

Nilivua viatu vya kazini? Hapana, nilivua koti tu. Nikamnyang'anya Sylvestre nyundo.

"Madame, acha vijana wafanye," alisema. "Utaumia."

"Toka."

Pigo la kwanza halikufanya lolote, liliniuma tu mpaka mabegani. Ule ukuta niliujenga vizuri. Matofali ya kuchoma, saruji ya kutosha, nilisimamia mwenyewe. Pigo la tatu likatoa tofali moja, la tano likafungua tundu. Binti yangu Bella akatokea kwenye geti, kitabu mkononi, macho yamemtoka.

"Maman! Choo yetu!"

"Toa ndoo na taulo humo. Haraka."

"Maman, juu ya nini?"

"Nitakueleza baadaye. Toa ndoo."

Alitoa. Sylvestre akaleta nyundo ya pili bila kuniuliza, akaanza upande wa chini. Vijana wakashika matofali na kuyapanga kando. Walimu walikuwa wamekwisha kufika, wameketi kwa Libérate na sahani zao, wakila na kutazama choo cha Mama Bella kikifunguka mbele ya avenue nzima, na bakuli jeupe, na kamba ambayo juu yake nguo zetu za ndani zilikuwa bado zimeanikwa. Nikaondoa nguo, nikaziweka kwenye ndoo.

Mita moja ilipoisha nilipima, mara mbili. Nilimwita Achille asome namba yeye mwenyewe, kwa sauti. Akasoma: tatu.

"Sukumeni," nilisema, nikainama kuhamisha gogo la nyuma kwenda mbele.